Mwenye nyumba anatia klorini tankini kwa kikombe cha kahawa, na mimi ni mjamzito. Niyanywe?

BintiMakoye

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Naomba msaada kwa wanaojua habari za maji. Nipo Dar, tumepanga nyumba ya uani, kaya nne, wote tunachota kwenye simtank moja la lita 5,000. Bomba likitoka tanki linajazwa maji ya bomba. Lisipotoka, mwenye nyumba anavuta maji ya kisima cha jirani kwa mpira. Ya kisima yana chumvi kwa mbali, ukichemshia chai unaisikia.

Tangu mvua zianze, baba mwenye nyumba kanunua ndoo ya klorini ya unga, ile nyeupe ya chengachenga. Kila tanki likijaa anapanda ngazi na kumwaga kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo vya wauza kahawa wa barazani. Akisikia kuna mtu anaharisha mtaani anamwaga viwili. Maji yananuka mpaka naogopa kuloweka kitenge. Nikioga macho yanawasha.

Mimi nina mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp imeingia sauti ya mtu anayejiita daktari. Anasema klorini ikiingia kwenye maji inazaa sumu ya kansa ya kibofu na ya kuharibu mimba, na kwamba Ulaya wanajua zamani ila sisi tunafichwa. Mama mkwe kaisikiliza mara tatu, kaapa nisiyaguse tena maji ya tanki. Anataka nichote kisimani moja kwa moja kabla hayajatiwa kitu. Mume wangu anasema maji ya chupa. Nimepiga hesabu ya chupa kwa joto hili mpaka nijifungue, nikaifuta.

Ninachotaka kujua: ile sauti ni kweli au uzushi? Nikichemsha, hiyo sumu inatoka au inakolea? Na mwenye nyumba nimwambie nini? Ni mtu mzima, mkali kidogo, hapendi kufundishwa na wapangaji.

Anayejua anieleze kwa lugha nyepesi. Matusi siyahitaji, ninayo ya kutosha nyumbani.

KijanaWaBoza

Dada hongera. Mimi nauza maji kwa boza, kila siku nashika hiyo klorini na nina watoto watatu wazima. Harufu ikikusumbua acha ndoo wazi usiku kucha, asubuhi imekwisha. Hizo habari za kansa zinasambazwa na wanaouza mashine za kuchuja.

Chatu_Mweusi

Usidanganywe na wauza maji. Uholanzi wanakunywa maji ya bomba yasiyo na klorini hata chembe. Ingekuwa salama wangeiacha? Sisi ndio jalala. Babu zetu walikunywa maji ya mto na waliishi miaka mingi kuliko sisi.

MzeeChujio

Marahaba binti. Hongera, Mungu akufikishe salama.

Nimestaafu, ila maisha yangu ya kazi yote nimeyamalizia kwenye maabara ya mtambo wa kusafisha maji huko Kanda ya Ziwa. Nitakujibu kwa urefu, uniwie radhi. Nikianza habari hizi wajukuu wananikimbia, afadhali ninyi hamwezi kunikimbia mbele ya macho yangu.

Aliyerekodi ile sauti ameokota ukweli mmoja akautia chumvi. Klorini haichagui cha kushambulia. Inaua vijidudu, na wakati huo huo inavamia chochote chenye asili ya mimea kilichoyeyuka kwenye maji: majani yaliyooza, mwani, uozo wa tope la mtoni. Hapo ndipo zinapozaliwa kemikali mpya. Maarufu zaidi zinaitwa trihalomethani, na kinara wao ni klorofomu, ile ile waliyokuwa wakiwalazia wagonjwa wa upasuaji enzi za zamani. Kuna ukoo mwingine, asidi za haloasetiki, ambazo hazisikiki sana lakini nazo zimo. Kadiri maji yanavyokuwa na uozo mwingi, klorini nyingi, joto kali na muda mrefu wa kukaa, ndivyo zinavyozaliwa kwa wingi. Angalia tanki lako juani halafu usome tena orodha hiyo.

Jambo hili liligunduliwa na mkemia Johannes Rook wa shirika la maji la Rotterdam, akalichapisha mwaka 1974. Mwaka huo huo Wamarekani nao wakalikuta kwenye maji yao. Mwaka 1976 taasisi yao ya kansa ikatangaza kwamba panya waliolishwa klorofomu nyingi walipata uvimbe. Mwaka 1979 wakaweka kikomo cha trihalomethani zote kwa pamoja, mikrogramu 100 kwa lita (mikrogramu elfu moja ndiyo miligramu moja), na mwaka 1998 wakakishusha hadi 80. Ulaya kikomo ni 100. WHO inaipa kila moja kikomo chake: klorofomu 300, nyingine ni 60 hadi 100. Kwa hiyo huyo daktari wa WhatsApp anaposema tunafichwa, sijui imefichwa wapi, maana yamo kwenye miongozo iliyo wazi kwa yeyote mwenye bando.

Kansa ya kibofu: tafiti za watu waliokunywa maji yenye trihalomethani nyingi zinaonyesha inaongezeka kwa kiasi. Lakini hao ni watu waliokunywa kwa miongo, hata miaka thelathini, arobaini. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limeiweka klorofomu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha kansa kwa binadamu, na maji yenye klorini yenyewe likasema ushahidi hautoshi kuyahukumu. Mimi siidharau hatari hiyo. Ningekuwa naendesha mtambo leo ningepigana nayo. Ila si hatari ya kumtoa mjamzito kwenye maji yaliyotibiwa akanywe yasiyotibiwa.

Mimba: mwaka 1998 ulichapishwa utafiti wa California uliofuatilia wajawazito zaidi ya 5,000. Waliokunywa glasi tano au zaidi kwa siku za maji baridi ya bomba, yenye trihalomethani kuanzia mikrogramu 75, walipoteza mimba zaidi kuliko wenzao. Watu walishtuka, na walikuwa na haki. Baadaye ukafanywa utafiti mwingine mkubwa katika sehemu tatu za Marekani, makusudi kuhakiki jambo hilo, na haukuona mwelekeo ule kwa uwazi. Tena wote walikuwa wakiangalia mimba zinazotoka mapema, hatua ambayo kwa sehemu kubwa wewe umeshaipita.

Sasa tuje kwenye kile kikombe, maana hapo ndipo niliposimama niliposoma maelezo yako.

Klorini ya unga inayouzwa kwa ndoo huwa na nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Kikombe cha kahawa kinabeba kama gramu 60 za unga, kwa hiyo ndani yake mna klorini halisi gramu 39 hivi. Gawanya kwa lita 5,000 unapata karibu miligramu 8 kwa lita. Vikombe viwili, 16. Na siku tanki likiwa nusu, 32. WHO inasema isizidi 5, na maji yanapotoka bombani yakiwa yamebakiwa na 0.2 hadi 0.5 yanatosha kabisa. Macho kukuwasha si deko la mimba, binti.

Kipimo cha kawaida cha maji yanayoonekana safi ni miligramu 2 kwa lita. Kwa tanki lenu lililojaa ni gramu 15 za unga, yaani kijiko kimoja cha kulia wali, kilichosawazishwa kwa kisu, kisiwe na kilima. Na asimwage unga mkavu juu ya maji. Achukue ndoo ya plastiki yenye maji, atie unga ndani ya maji (kamwe asimwage maji juu ya unga), akoroge kwa mti, aache machicha yatuame, kisha amimine maji ya juu tankini. Wasubiri nusu saa kabla ya kuchota.

Halafu kuna kisima. Kisima cha Dar chenye ladha ya chumvi mara nyingi kimeingiliwa na bahari. Maji ya bahari yana bromidi, chumvi ya bromini, kama miligramu 65 kwa lita. Ikiingia sehemu moja tu ya bahari kwa mia, kisima kina zaidi ya nusu miligramu ya bromidi, na hiyo inatosha kubadili kinachozaliwa: badala ya klorofomu unapata ndugu zake wenye bromini, ambao ndio wenye vikomo vidogo kwa WHO. Kwa hiyo kikombe kile kile cha kahawa kwenye maji ya kisima kinakupa mchanganyiko mbaya zaidi kuliko kwenye maji ya bomba. Hilo daktari wenu hakulisema, na ndilo lingewafaa.

Mama mkwe apewe heshima zake zote, lakini kisimani moja kwa moja hapana. Kisima kilicho katikati ya nyumba zenye vyoo vya shimo, msimu wa mvua, ndicho kinachoua kwa siku mbili, bila kungoja miaka thelathini.

Kuchemsha kunasaidia. Klorofomu inachemka kwenye nyuzi 61, kwa hiyo sufuria ikitokota bila mfuniko kwa dakika chache sehemu kubwa ya trihalomethani inaruka na mvuke. Fungua dirisha usiivute wewe. Asidi za haloasetiki haziruki hivyo, nyingine zinabaki. Hata hivyo, kwa mjamzito mwenye tanki la aina hiyo, chemsha ya kunywa, ipoe ikiwa imefunikwa, itie kwenye chombo cha mdomo mwembamba.

Maji ya chupa: usidhani hayo hayana habari zake. Mwaka 2004 Coca-Cola iliondoa sokoni Uingereza chupa zipatazo 500,000 za Dasani, maji yaliyokuwa na bromati, kemikali nyingine inayoshukiwa kuleta kansa, kupita kikomo. Walikuwa wameongeza chumvi ya kalsiamu yenye bromidi ndani yake, kisha wakapitisha ozoni, gesi ya kuua vijidudu, na ozoni ikaigeuza bromidi kuwa bromati. Ukiwa na uwezo nunua, ila usijinyime chakula kwa ajili yake.

Swali langu kwako: hilo tanki lilisuguliwa lini?

Chatu_Mweusi

Mzee umeandika kitabu lakini la Uholanzi umelikwepa.

MzeeChujio

Sijalikwepa, nilikuwa nakunywa uji.

Ni kweli, Uholanzi hawabakizi klorini kwenye mabomba. Amsterdam waliiacha mwaka 1983. Lakini uliza wameweka nini mahali pake. Maji ya mto wanayapenyeza kwenye vilima vya mchanga vya pwani, wanayapitisha kwenye ozoni, kwenye mkaa maalumu, kwenye mchanga wa polepole, mpaka yanaingia bombani bila chakula cha kijidudu. Na bomba lao limejaa maji kwa nguvu saa ishirini na nne, halivuji ovyo. Bomba letu linapita kwenye mtaro, maji yanakuja kwa mgao. Saa maji yanapokatika, bomba linabaki tupu na linanyonya kilichopo nje kupitia kila ufa. Yakirudi, wa kwanza kufungua koki ndiye anayekunywa mtaro. Klorini iliyobaki ndani ya maji ndiyo askari pekee aliyesafiri nayo. Mtoe huyo askari baada ya kuziba nyufa, si kabla.

Na babu zetu, ndugu yangu, walizika watoto wengi sana. Wewe unawahesabu waliobaki.

Kuna habari ya Peru watu hupenda kuitaja. Kipindupindu kiliingia pale Januari 1991, na mwaka huo peke yake wakaugua watu zaidi ya 300,000, wakafa karibu 3,000. Yakatolewa madai kwamba wakubwa wa maji waliacha klorini kwa kuogopa hizi trihalomethani. Waliochunguza baadaye wakapinga, wakasema sehemu nyingi klorini ilikuwa haipo tangu mwanzo, mitambo mibovu, fedha hakuna. Mimi nawaamini hawa wa pili. Nimeona klorini inavyokosekana kwenye mtambo, na sijawahi kuona ikikosekana kwa sababu mtu kasoma utafiti.

Sisemi trihalomethani ziachwe tu. Zinapunguzwa, na mara nyingi kwa gharama ndogo. Kwenye mtambo wetu klorini ilikuwa inatiwa pale pale maji yanapoingia kutoka ziwani, ili mwani usiote kwenye mabwawa ya kutuamisha. Maana yake klorini inakutana na mwani wote na tope lote kabla shabu haijashusha kitu chini. Nikasema tuihamishe, itiwe mwishoni, baada ya chujio la mchanga, kwenye maji yaliyokwisha kutakata. Mkubwa wangu akagoma msimu mzima kwa hofu ya kijani kwenye kuta za mabwawa. Hofu yake haikuwa ya bure, kuta zilikuja kuota kweli, tukawa tunazisugua kwa brashi za miti mirefu.

Tulipokubaliana ikabidi tupime, na kupima trihalomethani ni kazi ya mkono mwepesi. Chupa ndogo ya mililita 40, ndani mna punje chache za thayosulfeti za kuiua klorini pale pale, isije ikaendelea kuzaa njiani. Unajaza taratibu pembeni ya koo la chupa mpaka maji yanafanya mgongo mdomoni, unafunga, unaigeuza kichwa chini na kuigonga kwa kucha. Ukiona kiputo kimoja tu cha hewa kinapanda, mwaga, chukua chupa nyingine, kwa sababu klorofomu itakimbilia kwenye kile kiputo na maabara watakuandikia majibu mazuri ya uongo. Kisha barafu, kisha basi la usiku. Majibu yaliporudi, maji ya mpangilio mpya yalikuwa na trihalomethani chache kuliko ya zamani. Tulichonunua ni mpira na vibano.

Nesi_wa_Zamu

Namuunga mkono Mzee kwenye moja. Mwezi wa nane 2015 kipindupindu kilipoanza Dar, kabla hakijasambaa karibu nchi nzima na kupita wagonjwa 20,000, nilipangiwa kambi. Kitanda cha kipindupindu kina tundu katikati na ndoo chini. Mjamzito akiletwa ameishiwa maji, macho yameingia ndani, unatundika dripu mikono yote miwili na bado moyo wa mtoto unaweza kuwa umeshanyamaza kabla mama hajainuka. Hiyo ndiyo picha ninayoiona nikisikia mtu anamwambia mjamzito achote kisimani.

BintiMakoye, jambo jingine: usipunguze kunywa maji kwa sababu ya hofu. Wajawazito wengi wanaokuja kwangu na maumivu ya mkojo hawanywi maji ya kutosha. Na kliniki usiache.

Mwana_wa_Maskati

Assalaam alaykum jamaa. Mimi nipo Maskati, asili yetu Unguja. Huku maji ya bomba karibu yote asili yake bahari, yanatolewa chumvi mitamboni, na klorini hutiwa. Nilivyosoma habari ya bromidi nimeshtuka kidogo. Jikoni nimefunga chujio la mkaa chini ya sinki. Fundi aliniambia mwaka mzima halina neno, lakini mimi nilipolifungua baada ya miezi michache lilikuwa limebadilika rangi khasa. Mzee, nibadilishe lini? Na bibi yangu aliyeko Unguja anauliza kama anaweza kutia mkaa wa kupikia kwenye mtungi akapata faida hiyo hiyo.

MzeeChujio

Waalaykum salaam. Maji yaliyotolewa chumvi yana uozo mchache sana, kwa hiyo cha kuzalia ni kidogo, ila bromidi kiasi hupenya, na kinachozaliwa huwa zaidi ni bromofomu. Usishtuke sana, kikomo chake ni 100 kwa WHO na mashirika makini huipima.

Chujio la mkaa kweli linashika trihalomethani, lakini lina nafasi zake, zikijaa limekwisha. Usihesabu miezi ya fundi, hesabu lita zilizoandikwa kwenye boksi. Rangi uliyoiona ni kutu na vumbi, haikuambii lolote juu ya klorofomu. Na kumbuka mkaa unakula klorini vilevile, kwa hiyo nyuma ya chujio maji hayana mlinzi. Ukisafiri wiki, ukirudi acha yatiririke kwanza.

Bibi mwambie hapana. Mkaa wa chujio umeunguzwa kwa mvuke mkali mpaka ukatobokatoboka kwa ndani, matundu yasiyoonekana kwa jicho. Mkaa wa kupikia hauna matundu hayo ya kutosha, utampa majivu tu. Maji ya Unguja yenye matope atuamishe kwa shabu au mbegu za mlonge zilizotwangwa, achuje kwa kitambaa kizito, ndipo atie kidonge cha WaterGuard. Ukiondoa tope kabla ya klorini umeondoa na kilichokuwa kinazalia. Mlonge una kasoro moja, unaacha uozo wake ndani ya maji, kwa hiyo maji yake yasilale.

KijanaWaBoza

Mzee na mimi nijibu. Ndoo wazi usiku kucha si inatoa klorini?

MzeeChujio

Inatoa, na hapo ndipo tatizo lilipo. Asubuhi una maji yasiyo na klorini, yamelala wazi chumba chenye mende. Harufu imekwenda, klorofomu imebaki kiasi. Tena, kijana, ile harufu si kipimo cha trihalomethani. Kwa viwango vya bombani pua haizisikii. Maji yananuka klorini sana na yasiwe nazo nyingi, na mengine hayanuki kitu na yamejaa.

BintiMakoye

Nimerudi na majibu ya tanki.

Sikumwambia mwenye nyumba, nilimpitishia mkewe. Nilimsomea maneno ya Mzee huku tunachambua mchicha, akacheka kwenye kile kikombe cha kahawa, jioni akamwambia mumewe kana kwamba ni wazo lake. Jumamosi tanki likamwagwa.

Mfuniko ulikuwa na ufa mrefu, umekandamizwa kwa tofali. Juu yake kuna tawi la mwembe wa jirani. Ndani, chini kabisa, wametoa majani ya mwembe yaliyogeuka meusi, ukiyashika yanayeyuka vidoleni, na tope la kahawia la telezi linafika kwenye kifundo cha mguu cha kijana aliyeingia. Maji aliyosuuzia ya kwanza yalitoka rangi ya chai ya rangi. Mama mkwe aliangalia yale majani akanyamaza, kisha akauliza kwa hiyo hiyo sumu ilikuwa inapikwa humu. Nikamwambia ndiyo mama.

Sasa mwenye nyumba ana maswali, kaniita mwenyewe: anajuaje kijiko kimoja kimetosha bila mashine? Na mimi nauliza ya kuoga, maana naambiwa mvuke unapita puani.

MzeeChujio

Huyo mama mkwe kaelewa kuliko wanafunzi wangu wengi wa mafunzo kwa vitendo.

Majani ya mwembe yaliyooza tankini ni malighafi kamili. Klorini ya kikombe ilikuwa inaanzia pale, na alipoongeza cha pili alikuwa anazidi kuzalisha. Tawi likatwe kwa makubaliano na jirani, mfuniko ubadilishwe, na bomba la kupumulia lifungwe wavu mzuri. Tanki lisuguliwe kila baada ya miezi michache, na lisijazwe maji ya wiki mbili kama kaya zinatumia ya siku tatu, maana kadiri yanavyokaa juani ndivyo yanavyoendelea kuzalisha.

Kupima: kuna vifaa vidogo vya kupimia klorini. Unatia kidonge kwenye kichupa cha maji, yanageuka pinki, unalinganisha na kadi ya rangi. Bwana afya wa kata mara nyingi anacho, na maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea wanauza, pamoja na vikaratasi vya kuchovya. Achote kwenye koki ya chini, nusu saa baada ya kutia. Akipata kati ya 0.2 na 0.5 amepatia. Msimu wa ugonjwa mtaani akiwa na 1 si neno. Akikuta sifuri, kuna uchafu uliokula klorini yote, atafute uchafu kabla hajaongeza unga. Akikuta zaidi ya 2 apunguze kijiko. Na siku anavuta ya kisima chenye chumvi asizidishe hata punje kwa kuona ladha ni mbaya. Ladha ile ni bahari, klorini haiiondoi.

Kuoga: ni kweli klorofomu huingia kwa pumzi na kwa ngozi, na waliopima Wamarekani baada ya kuoga maji moto ya mvua kwenye vibafu vilivyofungwa waliikuta kwenye pumzi zao. Wewe unaoga kwa ndoo na kata, maji ya uvuguvugu, bafu la uani lisilo na dari. Upepo umeshakufanyia kazi hiyo. Macho yakiendelea kuwasha baada ya kijiko kipya, nirudie hapa, maana hapo kipimo hakijafuatwa.

Na ile ndoo ya unga isikae chooni wala stoo ya mafuta. Unga huo ukigusana na petroli, mafuta ya taa au ya breki unaweza kuwaka wenyewe, na ukichanganywa na dawa ya kusafishia choo yenye asidi unatoa gesi ya kukaba koo. Uwe pakavu, kivulini, umefungwa kabisa, juu watoto wasipofika. Ukiachwa wazi unapoteza nguvu, kwa hiyo baada ya miezi sita hivi ya joto la Dar kijiko kile kile hakitatoa 2 tena, na itabidi mwenye nyumba apime upya kwa kidonge cha pinki, asikadirie.